Nyumba ya Saba

Mzee Ilyasi alikutwa ameinamia cherehani yake kama mtu aliyepitiwa na usingizi kazini. Aliyemkuta ni binti yake, Gwiza, saa mbili asubuhi, Jumamosi, siku ya nane ya Ramadhani, Februari 1994. Alimshika bega ili amsalimu. Bega lilikuwa baridi.

Inspekta Théoneste Bizimana alifika Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, saa tatu. Alitumwa yeye kwa sababu moja tu: kituo kizima ni yeye peke yake aliyekijua Kiswahili vizuri, maana alikulia mtaa wa Waswahili kule Rwamagana, na watu wa Biryogo hufunguka zaidi ukiwasemesha kwa lugha yao. Siku nyingine angefurahi. Asubuhi hiyo alikuwa na hofu tangu alipoamka, na hofu yenyewe haikuwa ya maiti. Kitambulisho cha mkewe, Xavérine, kilikuwa kimeandikwa Mtutsi, na juma lile majirani watatu walikuwa wameacha kumwitikia salamu.

Alichuchumaa kando ya cherehani, akatazama. Jeraha moja nyuma ya kichwa. Chini, pasi ya mkaa imelala ubavu, mfuniko wazi, majivu yamemwagika mpaka mlangoni. Kwenye meza ndogo kulikuwa na sahani yenye tende tatu na bakuli la bati lililojaa uji. Uji ulikuwa umeshika utando juu. Hakuna aliyeuonja.

Juu ya rafu, kati ya majora ya vitambaa vya kanzu, palikuwa na nafasi safi isiyo na vumbi, upana wa kitabu kikubwa.

"Hapa kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Kitabu cha baba," Gwiza alijibu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na saba. Siku za kazi alilala Kagarama kwa shangazi yake, mwisho wa juma ndipo huja kwa baba. Alisimama wima, lakini vidole vyake vilikuwa vikisokota ncha ya mtandio bila kukoma.

"Kitabu cha nini?"

"Cha Biryogo. Nyumba kwa nyumba. Nani alikuja na msafara kutoka pwani, nani alikuja na Wadachi, nani alisilimu hapa, alitoka wapi, kwa nini. Miaka thelathini anaandika. Alisema wafalme wana watu wa kuwaandika, mafundi cherehani nani atawaandika?"

"Nani alikuwa anakijua?"

"Mtaa wote. Kila mtu alikaa kwenye kiti hiki akasimulia habari za babu yake. Lakini kusoma, watu wachache. Kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu."

"Basi mwizi anajua Kiarabu."

Gwiza aliinamisha kichwa. "Si lazima. Tangu Desemba nilikuwa nakihamishia kwenye herufi za shule. Niko na kaye mbili, madaftari ya shule, nyumbani kwa shangazi. Nilitaka kipigwe chapa baada ya Idi, kila mtoto asome."

Bizimana aliacha kuandika. 

"Kuna mtu alikuja kukiulizia?"

"Jumatatu. Vijana wawili wa chama, wana kofia zao. Walimwambia: Mzee, tumesikia kitabu yako inajua kila nyumba ilitoka wapi. Tuonyeshe. Baba akawajibu, ngojeni Idi, mtasoma wenyewe." Aliigusa ile nafasi tupu kwenye rafu. "Alifurahi, Inspekta. Alidhani wanapenda historia."

Hapo Bizimana alielewa. Kitabu kinachosema kila nyumba ilitoka wapi, mwaka ule, kilikuwa orodha ya nani ni Mtutsi na nani si. Na kama waliomuua mzee ni wale vijana, yeye hana pingu za kuwatosha. Angeandika taarifa, taarifa ingepotea, labda naye pamoja nayo.

Mlangoni walisimama wanawake watatu wa jirani. Aliyekuwa mbele ni Mwamini, anayeitwa Mama Swaibu, mjane wa ukuta wa pili, muuza sambusa, mama wa vijana wawili waliokwisha kuota ndevu. Ndiye aliyemletea Gwiza maji ya kunawa uso.

Bizimana aliinua lile bakuli juu kidogo. Chini yake palikuwa na nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha. Wanawake wa Biryogo hutia alama vyombo vyao visije vikapotelea harusini.

"Bakuli hii iko ya nani?"

"Sijui," alisema Mama Swaibu.

"Hatujui, Inspekta," alisema wa pili.

"Nani alikuwa anamletea mzee futari?"

"Wote tulimletea," alisema Mama Swaibu. "Leo mimi, kesho mwingine. Alikuwa mzee wetu."

"Na jana?"

Walitazamana. Bizimana hakuwalaumu. Siku zile hata kumjua mwenye bakuli kulikuwa ni kujua sana.

Saa saba alikuwa kituoni. Daktari alipiga simu kutoka hospitali.

"Pigo moja," alisema. "Chuma chenye ukingo. Pasi inafaa kabisa. Aliyepiga si mtu wa nguvu nyingi, ila mfupa wa mzee ni mwepesi."

"Saa ngapi?"

"Jana jioni. Tumbo tupu kabisa. Alikufa na saumu yake."

Kwa hiyo kabla ya adhana ya magharibi. Usiku hakuonekana msikitini, wala hakuna aliyekwenda kumbishia hodi. Miezi ile watu waliacha kugongeana milango giza likiingia.

Simu ililia tena. Alikuwa Komanda, mkubwa wake.

"Bizimana. Nasikia fundi cherehani ameuawa Biryogo."

"Ndiyo, Komanda. Nimeanza na..."

"Kitabu kiko wapi?"

Bizimana alikuwa hajamwambia mtu yeyote kituoni habari za kitabu.

"Hakijapatikana, Komanda."

"Kipatikane. Nakitaka mezani kwangu Jumatatu. Pamoja na huyo binti anayekitafsiri."

Simu ikakatwa. Jina la marehemu hakuliuliza hata mara moja.  Bizimana alikuwa anaogopa, na hakuona haya kujiambia hivyo.

Alasiri alirudi Biryogo. Kwenye kona ya uchochoro aliwakuta vijana wawili wenye kofia za chama wameegemea ukuta. Mmoja alikuwa na kalamu nyuma ya sikio.

"Inspekta," alisema yule wa kalamu, akitabasamu. "Ile kitabu umeiona?"

"Bado."

"Ukiiona utuambie. Tunaitafuta sana."

Alipita. Lakini hatua kumi mbele alisimama. Kama wanakitafuta, hawanacho. Na Komanda naye hana. Basi aliyekichukua si mwenye kutaka kukisoma. Ni mwenye kutaka kisisomwe.

Alimkuta Gwiza amekaa kwenye mkeka, macho yamevimba.

"Mwalimu, nisaidie. Mtu akitaka kuangamiza kitabu anafanya nini?"

"Anachoma."

"Pasi ilikuwa na moto. Majivu ni ya mkaa tupu, nimeyachambua kwa mkono. Jikoni hakuna kitu, kwenye choo tumemulika hakuna kitu. Kitabu cha baba yako kilianzaje?"

"Kwa Bismillahi. Na kila nyumba inaisha kwa dua." Gwiza alinyanyua uso taratibu. "Hawezi kukichoma. Mwislamu hawezi. Chooni ndiyo kabisa."

"Atafanya nini?"

"Karatasi yenye jina la Mungu ikichakaa tunaipeleka msikitini. Kuna kikapu. Mwisho wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, kikapu kinazikwa makaburini."

Msikiti mdogo wa mtaa ulikuwa mwendo wa dakika tatu kwa miguu. Mtunza msikiti, Idrisa Nsengiyumva, mzee mwenye jicho moja bovu, alikuwa anapiga deki. Bizimana alivua viatu.

"Kikapu cha karatasi, mzee wangu. Kiko na kitu?"

"Kiwe na kitu gani? Tulizika juma lililopita. Iko tupu." Alikionyesha nyuma ya mlango. Kweli kilikuwa kitupu, jani moja tu la juzuu chini.

"Hakuna kingine?"

Mzee alikuna kidevu. "Upande wa wanawake iko yao. Mi siangaliagi ya wanawake."

Walikwenda pamoja nyuma ya pazia. Ndani ya kikapu cha wanawake palikuwa na kitu kizito kimefungwa kwa kitambaa cheupe, fundo zuri, jinsi watu wanavyofunga msahafu. Nsengiyumva alifungua. Akasoma mstari wa kwanza kwa jicho lake zima.

"Hii ni ya Ilyasi."

"Jana usiku wanawake wangapi walikuja kuswali?"

"Kumi labda. Wanaogopa kutoka."

"Mzee, hukuona kitu."

"Jicho yangu hii mbovu haionagi," alisema Nsengiyumva, akalifunga fundo upya.

Usiku ule kitabu kililala chini ya godoro la Bizimana. Xavérine alimuuliza ni nini, akasema ni kazi. Hakulala.

Jumapili asubuhi nyumba ya Ilyasi ilikuwa imejaa wafiwa. Maiti ilitarajiwa kuletwa kutoka hospitali kabla ya adhuhuri. Uani, wanawake walikuwa wamemaliza kuosha vyombo vya futari ya jana, wakavifudikiza juu ya mkeka vikauke. Biryogo bakuli halipotei. Mwanamke akikuletea chakula leo, kesho anafuata chombo chake, nawe humrudishii kitupu. Lakini bakuli la uji siku mbili lilikuwa pale mezani na mwenyewe hakulifuata.

Bizimana alipita taratibu katikati ya vyombo vilivyofudikizwa. Nukta ya bluu. Msalaba mweupe. Herufi. Kisha, kwenye sufuria la maandazi, nukta mbili nyekundu.

"Sufuria nzuri," alisema kwa sauti ya kawaida. "Iko ya nani?"

"Ya Mama Swaibu," alijibu bibi mmoja bila kufikiri. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja.

Aliwaingiza wawili tu kwenye chumba cha cherehani, Mama Swaibu na Gwiza, akafunga mlango. Alimhitaji Gwiza amsomee. Kitabu alikiweka mezani, bakuli kando yake. Mama Swaibu alivitazama vyote viwili, akakaa chini bila kuambiwa.

"Mama Swaibu. Bakuli hii ni yako."

"Ni yangu."

"Jana ulisema hujui."

"Jana nilisema uongo na saumu mdomoni. Ona nilipofika."

"Ulikuja saa ngapi?"

"Alasiri ishapita. Karibu na magharibi."

"Kufanya nini?"

"Kumletea uji. Na kumuomba."

"Kumuomba nini?"

"Aache nyumba yangu nje ya kitabu."

Gwiza alikuwa amesimama, mgongo kwenye majora. "Wewe?" alisema. "Wewe uliyenipa maji ya uso?"

Mama Swaibu hakumtazama.

"Nyumba yako ni ya ngapi?" aliuliza Bizimana.

"Ya saba."

"Mwalimu, soma ya saba."

Gwiza alifunua kurasa kwa pupa ya hasira. Alianza kusoma kwa sauti kavu, ile ya darasani.

"Nyumba ya saba. Mwaka wa elfu moja mia tisa na sitini, siku za Watutsi kuchomewa nyumba, alikuja kwangu usiku kijana wa miaka kumi na minane, mchunga ng'ombe kutoka pande za Nyanza, jina lake Ntare. Baba yake na kaka zake walikuwa wameuawa. Nikamficha siku arobaini nyuma ya majora ya kitambaa. Akasilimu, tukamwita Nuhu. Nikaenda naye ofisi ya komuni, wanakoandika vitambulisho, nikaapa kwamba ni mpwa wangu, wakamwandikia Mhutu. Mungu anisamehe kiapo kile, na nikirudishwa nyuma nitaapa tena. Yeye ndiye baba wa Swaibu na..."

Alimtazama Mama Swaibu.

"Endelea ya nane," Bizimana alisema kwa upole.

Gwiza alisoma ya nane kimya, midomo ikicheza. Akafunua ya tisa. Ya kumi na mbili. Ya ishirini na tano. Alipofika hapo aliketi juu ya kiti cha kusimulia, kitabu mapajani.

"Ngapi?" aliuliza Bizimana.

"Kumi na moja. Alificha watu wa nyumba kumi na moja. Baba hakuwahi kunisomea hizi. Na mimi kwenye kaye nilikuwa nimemaliza ya sita."

"Yeye ndiye alimficha mume wangu," alisema Mama Swaibu. Sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Nuhu alimpenda Ilyasi kama baba. Amekufa anamuombea. Mimi nilimwambia: Mzee, ile ya Kiarabu iandike, nani atasoma? Lakini hii ya shule, wale watoto wa chama watasoma. Swaibu iko na miaka ishirini na mbili. Mdogo wake kumi na tisa. Kwenye kitambulisho iko Mhutu, na wanapita barabarani salama kwa sababu ya hiyo neno moja. Nikamwambia, ruka nyumba yangu tu."

"Akasemaje?"

"Akacheka kwa mapenzi. Akasema, Mwamini, hii ndiyo heshima ya Biryogo. Watu wanajua sisi ni washonaji na wauza sambusa. Nani anajua kwamba hapa watu walipona? Nikitoa nyumba moja, na wengine watakuja, kitabu kitabaki jalada tupu. Akageuka, akaendelea kushona."

"Halafu?"

"Niliona mgongo wake. Moyoni nikamwona Swaibu amesimamishwa kwenye kizuizi cha barabara. Pasi ilikuwa karibu na mkono. Nilimpiga mara moja. Mara moja tu, wallahi. Nilidhani ataanguka, nichukue kitabu, nikimbie. Hakuanguka. Aliinama tu." Alifuta pua kwa upindo wa khanga. "Nikataka kukichoma kwenye jiko yangu. Nikafungua, nikakuta Bismillahi. Mkono ulikataa. Umeua mtu, Mwamini, halafu uchome na jina la Mungu? Nikakifunga vizuri. Nikasema kitazikwa Shaabani ijayo, hakuna atakayejua."

Nje mtu alikohoa. Bizimana alisubiri hatua zipite.

"Nifunge," alisema Mama Swaibu. "Mimi sikimbii. Lakini hii usiipeleke kwa wakubwa wako. Nakuomba kama mama yako."

Gwiza alipandwa na hasira tena. "Kila kitu chake ni hiki! Umemuua, halafu tumzike na kitabu chake? Miaka thelathini!"

 Gwiza alibaki ameshika ukurasa wa nyumba ya ishirini na tano, na polepole hasira ikamtoka, ikabaki hofu peke yake.

"Ni mimi," alisema. "Kwa Kiarabu kilikuwa salama. Mimi ndiye nilimwambia tugeuze herufi."

Bizimana alivuta karatasi ya maelezo. 

"Mwamini Mukandayisenga, nitaandika hivi. Mligombana. Ulimpiga kwa pasi. Kitabu ulikichoma chote jikoni kwako."

Mwanamke alishtuka kuliko alivyoshtuka kuliona bakuli. "Hapana! Andika nimeua watu wawili, nitatia sahihi. Lakini jina la Mungu sikuchoma. Watu watanitemea mate mpaka kaburini. Wanangu wataitwa watoto wa aliyechoma Bismillahi."

"Wataitwa," alisema Bizimana. "Wakiwa hai."

 Mama Swaibu alivuta kalamu, akaandika jina lake pole pole, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani. Alipomaliza alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Gwiza alisimama, akatoka. Alikodi teksi mpaka Kagarama na kurudi. Kaye zake mbili hazikuwa na Bismillahi wala dua, maana alikusudia kuziandika kwa wino mzuri mwishoni. Alizitia kwenye jiko la uani, ukurasa baada ya ukurasa, mbele ya wanawake wote.

Adhuhuri walimzika Mzee Ilyasi. Bizimana, Mkristo pekee makaburini, alisimama nyuma na Nsengiyumva na kikapu cha wanawake. Watu walipoondoka, wao wawili walichimba shimo lingine dogo, wakatia kile kifurushi cheupe, wakafukia, wakasawazisha udongo kwa viatu.

"Ni hatua nane kutoka kichwani kwa baba yako, upande wa kibla," Bizimana alimwambia Gwiza jioni. "Usiandike popote."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Na uondoke Kigali. Kesho asubuhi, mapema. Una ndugu Bujumbura?"

"Shangazi mwingine."

"Nenda kwa huyo."

Jumatatu saa mbili na nusu Mama Swaibu alikuwa mahabusu na jalada lilikuwa tayari. Simu ililia.

"Bizimana. Kitabu?"

"Kimechomwa, Komanda. Mshtakiwa amekiri kwa maandishi."

"Na yule binti?"

"Sijui alipo, Komanda."

 Bizimana alisikia Komanda akipuliza moshi wa sigara.

"Mwislamu amechoma Kiarabu," Komanda alisema mwishowe. "Haya. Umefanya kazi nzuri." Akapuliza moshi tena. "Madamu wako hajambo? Xavérine, siyo?"

Katika miaka sita Komanda hakuwahi kuuliza habari za mkewe, wala Bizimana hakuwahi kumtajia jina lake.

"Hajambo, Komanda," alijibu.

Aliweka simu chini taratibu. Akafunga jalada, akaliacha mezani bila kupiga muhuri, akachukua koti lake na kutoka. Mwanzoni alitembea. Alipofika chini ya mteremko alikuwa anakimbia kuelekea nyumbani.